Watu Kumi na Bili ya Bia: Tashtiti ya Wahafidhina wa Marekani na Siasa za Kodi ya Mapato

Kauli mbili zisizopatana

Tangu Rais Donald Trump atie saini sheria kubwa ya kodi na matumizi tarehe 4 Julai 2025, wafuatiliaji wa siasa za Marekani, wakiwamo Waafrika Mashariki wanaoishi huko na jamaa zao wanaopokea fedha nyumbani, wamekuwa wakisikia kauli mbili ambazo kwa sura haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ya kwanza hudai kwamba matajiri wa nchi hiyo ndio wanaoibeba serikali mgongoni, kwa kuwa asilimia 1 ya juu ya walipakodi hulipa takriban asilimia 40 ya kodi yote ya mapato inayokusanywa na serikali kuu. Ya pili hudai kwamba matajiri hao hao hawalipi karibu chochote. Kila kauli ina takwimu zake, ina chama chake, na ina wachekeshaji wake. Na kwa kuwa dhihaka husambaa upesi kuliko jedwali la takwimu, wengi huupata mjadala huu kwanza kama mzaha, kisha baadaye, wakibahatika, huupata kama hoja.

Linalochambuliwa hapa ni tashtiti ya upande wa kihafidhina, yaani kejeli yenye shabaha ya kisiasa inayotungwa na watu wanaotaka serikali ndogo na kodi nyepesi. Tashtiti hiyo inastahili kupimwa kwa makini kama sera inavyopimwa, kwa sababu katika historia ya kodi ya Marekani mzaha umewahi kutangulia na sheria ikafuata.

Kodi ya wachache iliyogeuka kodi ya umma

Marekani iliitoza kodi ya mapato kwa mara ya kwanza wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, chini ya Abraham Lincoln, na ikaifuta mwaka 1872. Ilipojaribu kuirudisha mwaka 1894, kwa kiwango cha asilimia 2 juu ya mapato yaliyozidi dola 4,000, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliibatilisha mwaka uliofuata katika kesi ya Pollock, kwa hoja kwamba Katiba ilidai kodi ya aina hiyo igawanywe kati ya majimbo kwa kadiri ya idadi ya watu. Ilibidi Katiba yenyewe ibadilishwe, na Marekebisho ya 16 yakapitishwa mwaka 1913. Sheria ya mwaka huo ilianza kwa upole: mtu asiye na ndoa hakutozwa kitu katika dola 3,000 za kwanza, kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 1, na aliyezidi dola 500,000 alitozwa asilimia 7 kwa kile kilichozidi. Wananchi wengi waliisoma habari hiyo magazetini wakijua haiwahusu.

Vita ndivyo vilivyobadilisha mambo. Kufikia 1918 kiwango cha juu kilikuwa asilimia 77. Andrew Mellon, waziri wa fedha wa miaka ya 1920, akakishusha hadi asilimia 25. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikakipandisha hadi asilimia 94. Hata hivyo, badiliko lenye uzito zaidi halikuwa la viwango bali la namna ya kukusanya. Mwaka 1943 waajiri walitakiwa kukata kodi kwenye mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi, utaratibu unaofanana na ule unaojulikana Tanzania kama Lipa Kadri Upatavyo. Miongoni mwa wachumi vijana wa Wizara ya Fedha walioushughulikia mpango huo alikuwamo Milton Friedman, ambaye baadaye alikuja kuwa mtetezi mashuhuri kuliko wote wa soko huria, na aliyekiri kwamba wakati ule hakufikiria kuwa anasaidia kuunda mtambo utakaoiwezesha serikali kukua kupita kiasi alichokipenda. Baba wa hoja za kihafidhina alikuwa na mkono katika kuisimika mashine ambayo wafuasi wake wameikejeli kwa miaka themanini.

Hakuwa peke yake. T. Coleman Andrews, kamishna mkuu wa mapato chini ya Rais Eisenhower, alijiuzulu mwaka 1955, akaanza kuipinga hadharani kodi aliyokuwa akiikusanya, na mwaka uliofuata akagombea urais kwa msimamo huo. Wapinzani wa kodi ya mapato, kwa hiyo, hawajawahi kuwa watu wa pembeni wasioijua. Baadhi yao waliijua kuliko wanaoitetea.

Kisa chenyewe

Mfano unaotajwa zaidi wa tashtiti hii ni kisa cha watu kumi wanaokunywa bia pamoja, ambacho kimesambazwa kwa zaidi ya miongo miwili bila mwandishi anayejulikana kwa hakika, huku baadhi ya maprofesa waliobandikwa jina la mtunzi wakikana kwamba ni wao. Bili ya kila siku ni dola 100. Wanne walio maskini zaidi hawalipi kitu; wa tano hulipa dola 1, wa sita 3, wa saba 7, wa nane 12, wa tisa 18, na wa kumi, ambaye ndiye tajiri, hulipa 59. Mwenye baa anapowapunguzia dola 20, punguzo linagawanywa kwa namna ambayo kila anayelipa anapata nafuu, na tajiri anapata sehemu kubwa ya fedha ingawa kwa asilimia ndiye aliyepunguziwa kidogo kuliko wote. Wenzake wanalalamika kwamba amependelewa, wanampiga, na kesho yake haji tena. Ndipo wanapogundua kwamba hata wakichanga wote hawawezi kulipa nusu ya bili.

Katika mojawapo ya matoleo yanayosambaa sana, malipo mapya ya wanaoendelea kulipa ni dola 2, 5, 9, 14 na 49, ambayo jumla yake ni 79, si 80. Kisa kilichokusudiwa kufundisha hesabu za kodi kimepoteza dola moja njiani, na inaonekana wengi wa wanaokisambaza hawajaijumlisha.

Ukoo wa kisa hiki ni wa heshima. Mwaka 1845 Mfaransa Frédéric Bastiat alitunga ombi la kubuni ambamo watengenezaji wa mishumaa wanaisihi serikali iwalinde dhidi ya mshindani asiye wa haki, yaani jua, kwa kuamuru madirisha yote yafungwe. Mbinu ni ile ile: jambo la sera linahamishiwa mahali pa kawaida ambapo upuuzi wake unaonekana bila maelezo. Tofauti ni kwamba Bastiat alimdhihaki mwenye nguvu aliyetaka upendeleo, ilhali kisa cha bia kinamdhihaki anayelalamika. Mwelekeo huo ulionekana wazi zaidi Novemba 2002, pale tahariri ya Wall Street Journal ilipowaita watu wenye kipato kidogo kiasi cha kutodaiwa kodi ya mapato kuwa ni mabata wenye bahati, ikihofia kwamba asiyeumizwa na kodi hatakuwa na sababu ya kuikasirikia serikali. Mchora katuni Ruben Bolling alijibu kwa kuchora bata fukara anayepatwa na kila balaa huku tajiri akimwonea wivu, na kwa muda mfupi wachekeshaji wa pande zote mbili wakawa wanatumia ndege mmoja.

Shabaha zinazolengwa sawasawa

Yapo mambo matatu ambayo tashtiti hii inayaona vizuri. La kwanza ni kwamba kodi ya mapato ya Marekani kweli inapanda kwa ngazi, na mzigo wake kweli umeelemea juu. Kwa takwimu za mwaka 2022, asilimia 1 ya juu ilikuwa na takriban asilimia 22 ya mapato yote yaliyoripotiwa na ikalipa takriban asilimia 40 ya kodi hiyo, wakati nusu ya chini ya walipakodi ililipa asilimia 3 tu. Mtu anayesema kwamba punguzo lolote la jumla katika kodi hii halina budi kuwapa wakubwa fedha nyingi zaidi anasema jambo la hesabu, wala hahitaji kuwa mhafidhina ili alione.

La pili ni kwamba kodi isiyoonekana hailindwi na mtu. Mfanyakazi ambaye kodi hukatwa juu kwa juu mwaka mzima, kisha Aprili akarudishiwa kiasi kilichozidi, hushangilia marejesho kana kwamba ni zawadi, ingawa ni fedha yake iliyokaa serikalini bila riba. Kejeli inapomcheka mtu huyo inagusa tatizo la kweli la kidemokrasia: wananchi hawawezi kupima kama wanapata huduma inayolingana na wanachotoa ikiwa hawajui wanatoa nini.

La tatu ni utata wa sheria. Hapa wachekeshaji hawakuhitaji kubuni. Sheria ya kodi ya mwaka 2017 ilinadiwa na viongozi wa Republican kwa ahadi ya fomu itakayotosha kwenye kadi ya posta. Fomu iliyotoka kwa mwaka wa kodi wa 2018 kweli ilifupishwa, lakini iliambatana na majedwali mapya sita ya kujazwa, na mwaka uliofuata yakapunguzwa hadi matatu.

Bili ambazo hazikuletwa mezani

Udhaifu mkubwa wa kisa cha bia ni kwamba kinahesabu bili moja katika baa yenye bili nyingi. Kodi ya mapato ya watu binafsi huleta takriban nusu ya mapato ya serikali kuu. Baada yake hufuata kodi ya mishahara, inayogharimia pensheni na matibabu ya wazee, ambayo mfanyakazi hukatwa asilimia 7.65 na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Kodi hii huanza na dola ya kwanza ya mshahara, na sehemu yake iliyo kubwa, ile ya pensheni, hukoma mshahara unapofika kikomo fulani, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 176,100. Mpishi wa mgahawa hukatwa sehemu hiyo hadi mshahara wake wa mwisho wa Desemba. Mkurugenzi wa kampuni kubwa huenda akaimaliza mwezi wa kwanza. Juu yake kuna kodi za mauzo za majimbo, ambazo humwelemea zaidi anayetumia kipato chake chote.

Kosa hilo la kuhesabu lilikuwa na gharama ya kisiasa. Mwaka 2012 mgombea wa Republican, Mitt Romney, alirekodiwa akiwaambia wafadhili wake kwamba asilimia 47 ya Wamarekani hawalipi kodi ya mapato, na kwamba hao wangemchagua mpinzani wake hata iweje. Takwimu haikuwa mbali na ukweli, kwani makadirio ya mwaka 2011 yalikuwa asilimia 46.4 ya kaya. Lakini zaidi ya nusu ya kaya hizo zililipa kodi ya mishahara, na sehemu kubwa ya zilizobaki zilikuwa za wazee waliokwisha kuacha kazi, kundi ambalo mara nyingi hukipigia kura chama cha Romney mwenyewe.

Kasoro ya pili ni kumfanya tajiri wa kumi kuwa mtu wa mshahara. Matajiri wakubwa kabisa hupata utajiri wao kwa mali inayopanda thamani, nayo haitozwi kodi hadi iuzwe. Ikiuzwa baada ya kushikiliwa kwa zaidi ya mwaka hutozwa asilimia 20, na nyongeza ya asilimia 3.8, badala ya asilimia 37 inayotozwa kwenye ngazi ya juu ya mishahara. Na ikirithiwa bila kuuzwa, faida yote iliyokwisha kupatikana husahauliwa na sheria. Ndiyo maana kauli mbili za mwanzo zaweza kusimama pamoja: asilimia 1 ya juu, wakiwamo madaktari bingwa, mawakili na wenye biashara za wastani, hulipa sana, ilhali wachache walio juu yao kabisa, kwa kulinganisha na utajiri wao, hulipa kidogo.

Nani aliwafuta maskini kwenye orodha

Hapa ndipo tashtiti inapokutana na historia isiyoipenda. Nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, ambayo humpa mtu fedha taslimu hata ikiwa hadaiwi kodi, ilianzishwa mwaka 1975 na kutiwa saini na Gerald Ford wa Republican, ikiwa na undugu na wazo la Friedman la kuwapa maskini fedha kupitia mfumo wa kodi. Ronald Reagan aliipanua katika mageuzi ya mwaka 1986. Nafuu kwa wenye watoto ilipitishwa mwaka 1997 na Kongresi iliyoshikwa na Warepublican, ikaongezwa hadi dola 1,000 chini ya George W. Bush, kisha hadi dola 2,000 mwaka 2017, sheria ambayo pia ilipandisha kiasi cha msingi kisichotozwa kodi kwa mtu asiye na ndoa kutoka dola 6,350 hadi 12,000. Wale mabata wenye bahati, kwa sehemu kubwa, waliachiliwa majini na chama cha wanaowacheka.

Sababu yake ni mchanganyiko wa itikadi na utaratibu wa Kongresi. Tangu 1986 shirika la Americans for Tax Reform, linaloongozwa na Grover Norquist, limekuwa likiwafanya wagombea watie sahihi kwenye ahadi ya kutopandisha kodi ya mapato, ahadi inayohesabu hata kufuta mwanya kuwa ni kupandisha kodi, isipokuwa viwango vishushwe kwa kiasi hicho hicho. Mbunge aliyetia sahihi hawezi kwa urahisi kuanzisha mpango wa matumizi, lakini anaweza kutoa nafuu ya kodi kwa shabaha ile ile, naye akasifiwa kwa kupunguza kodi. Mwenzake wa Democratic, asiyeweza kupata kura 60 zinazohitajika kukata mjadala katika Seneti, hukimbilia utaratibu maalumu wa bajeti unaoruhusu sheria za kodi na matumizi kupita kwa wingi wa kawaida, na hivyo naye huisukuma sera yake ya jamii kupitia kitabu cha kodi. Sheria ya Clinton ya mwaka 1993, za Bush za 2001 na 2003, ya Trump ya 2017, za Biden za 2021 na 2022, na hii ya 2025 zote zilipita mlango huo. Utata unaochekwa na watu wa tashtiti ni zao la vyama viwili vilivyokataa kutaja matumizi kwa jina lake.

Nyufa za upande wa pili

Wanaotetea kodi inayopanda kwa ngazi hujenga hoja juu ya uwezo wa kulipa: dola elfu moja humuumiza mfagizi kuliko mwenye kampuni, na soko lililomtajirisha huyo wa pili linategemea mahakama, barabara na shule zilizolipiwa na wote. Ni hoja yenye nguvu. Hata hivyo, namna inavyotumiwa ina nyufa zake. Uchunguzi wa ProPublica wa mwaka 2021 ulieleza kwamba Wamarekani 25 matajiri zaidi walilipa kodi sawa na asilimia 3.4 tu ya ongezeko la utajiri wao kati ya 2014 na 2018. Lakini ongezeko la thamani ya hisa si mapato kwa maana ya sheria iliyopo, na msomaji ambaye hakuelezwa hilo huondoka akidhani sheria ilivunjwa. Mahakama Kuu, katika kesi ya Moore ya mwaka 2024, ililikwepa swali la kama faida ambayo bado haijapatikana mkononi inaweza kutozwa kodi.

Kisha kuna siasa zao. Mwaka 2017 punguzo linalotolewa kwa ajili ya kodi za majimbo na miji liliwekewa kikomo cha dola 10,000, hatua iliyowagusa zaidi wenye vipato vikubwa katika majimbo kama New York na New Jersey. Na waliopiga kelele zaidi walikuwa wabunge wa Democratic, chama kilichokuwa kikihubiri kwamba matajiri walipe sehemu yao. Joe Biden naye aliahidi kutompandishia kodi yeyote mwenye kipato chini ya dola 400,000, yaani karibu wananchi wote, huku chama chake kikitamani huduma za kiwango cha Ulaya Kaskazini, ambako watu wa kipato cha kati ndio wanaozilipia. Nyani haoni kundule, na hapo mhafidhina mwenye kalamu kali ana haki ya kucheka.

Mizani

Swali linalobaki ni kama mtu wa kumi kweli huondoka baa. Hoja hiyo ilipata umbo lake mashuhuri mwaka 1974, katika chakula cha jioni mjini Washington, ambapo inasimuliwa kwamba mchumi Arthur Laffer aliwachorea wanasiasa Dick Cheney na Donald Rumsfeld mchoro kwenye kitambaa cha kufutia mikono, akionyesha kwamba kodi ikipita kiwango fulani mapato ya serikali hushuka. Kimantiki mchoro hauna kosa. Ugumu ni kujua nchi imesimama upande gani wa mlima wa mchoro huo. Kiwango cha juu kilipokuwa asilimia 70, kama Reagan alivyokikuta, kulikuwa na sababu ya kuamini kwamba kukishusha kungepunguza ukwepaji na gharama yake kuwa ndogo. Jimbo la Kansas, chini ya Gavana Sam Brownback, lilifanya jaribio hilo likiwa chini kabisa ya mlima, likishusha kiwango cha juu cha jimbo kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9 na kuzifutia kodi ya mapato biashara nyingi ndogo. Bajeti ikapasuka, na Juni 2017 bunge lililoshikwa na Warepublican wenyewe likazirudisha kodi likipindua kura ya turufu ya gavana wao.

Kwa hiyo kisa cha bia kinafaa kama onyo juu ya viwango vya miaka ya 1950, na hakifai kama maelezo ya viwango vya leo. Thamani yake kubwa iko mahali ambapo watunzi wake hawakuiweka sana: katika kuonyesha kwamba kodi iliyofichwa na kujazwa vinafuu huharibu hukumu ya mpiga kura, awe tajiri au maskini. Anayekubali hoja hiyo analazimika kuielekeza kwa vyama vyote viwili, na kuielekeza pia kwa sheria ya 2025.

Sheria hiyo ilipita katika Seneti kwa kura 51 dhidi ya 50, makamu wa rais akivunja sare, bila kura hata moja ya Democratic. Imefanya viwango vya 2017 kuwa vya kudumu, na Ofisi ya Bajeti ya Kongresi ilikadiria kwamba itaongeza nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali, kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Bili hiyo haikutumwa kwa tajiri wala kwa maskini bali kwa wanywaji wa kesho. Imetoa nafuu mpya kwa bakshishi, kwa malipo ya saa za ziada na kwa wazee, jambo linaloongeza idadi ya wasiodaiwa kodi na kuongeza kurasa za fomu, vitu viwili ambavyo wahafidhina wamevicheka kwa miaka mingi. Wakati huo huo imeanzisha kodi mpya ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi kwa njia ya taslimu kuanzia Januari 2026. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 5 na liliwalenga wasio raia. Lililopitishwa linamhusu yeyote anayepeleka noti dirishani, lakini si anayetuma kupitia akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani. Mkongo wa Texas anayelipwa mkononi na kumtumia mama yake Bukavu atalipa. Mhandisi Mkenya anayetuma kwa simu yake kutoka benki hatalipa. Hakuna mtu wa kumi katika kodi hiyo.

Nafuu za bakshishi, saa za ziada na wazee zimewekewa kikomo cha mwisho wa mwaka 2028, mwaka wa uchaguzi wa rais. Chama kitakachotaka ziishe kitashutumiwa kwa kuwapandishia kodi wahudumu wa migahawa, na kitakachotaka ziendelee kitaulizwa fedha zitatoka wapi. Na kwa kuwa ahadi ya Norquist bado ina sahihi nyingi, ni rahisi kukisia ni lipi kati ya maswali hayo mawili litakalojibiwa.